Kaloli wa Kampala

Sisi tunaowaandikia maneno haya ni katekista wa misioni moja karibu na Butembo. Tulisoma seminari ndogo, tukaingia hata seminari kubwa kwa miaka miwili, kisha tukaona kwamba njia yetu ni nyingine, tukarudi nyumbani, tukaoa. Leo tuna watoto watatu. Kazi yetu ni kufundisha, na mtu aliyezoea kufundisha husahau upesi kufundishwa. Lakini mwaka 2024 tulipewa somo katika bustani moja ya mji wa Kampala, na aliyeanza kutufundisha alikuwa ndege. Tena ndege mwenye sura mbaya.

Tueleze kwanza kilichotupeleka huko.

Mdogo wetu, yule tuliyenyonya naye ziwa moja, aliondoka nyumbani mwaka 2021, wakati watu wengi wa upande wa Beni walipokuwa wakikimbia mauaji. Alivuka mpaka pale Kasindi, akaenda kutafuta maisha Uganda. Hakutusahau. Kila mwanzo wa muhula alituma feza kidogo kwa njia ya simu, nasi tulipozipokea tulilipa minervali ya mtoto wetu wa kwanza. Tulipomwuliza kazi yake ni nini, alijibu kwamba yuko katika kazi ya usafi wa mji. Basi, sisi tukalichukua neno hilo tukalivika nguo nzuri. Majirani walipouliza habari zake, tukawaambia, “Anafanya kazi katika kampuni moja kule Kampala.” Neno “kampuni” hakulisema yeye. Tulilisema sisi.

Mwezi wa Julai 2024 mfanyabiashara mmoja wa mtaa wetu alirudi kutoka Kampala, akamwambia Mama kwamba amemwona mwanawe juu ya mlima wa takataka, ana gunia mgongoni, anaokota chupa za plastiki. Mama alinyamaza siku nzima. Tukamtuliza, tukisema kwamba watu hufanana, na mfanyabiashara yule alimwona kwa mbali. Lakini moyoni tulijua kwamba hakukosea.

Haukupita muda mrefu, redio ikatangaza habari ya Kiteezi. Kiteezi ni mahali nje kidogo ya Kampala ambapo takataka za mji zilimwagwa tangu mwaka 1996, hata zikawa kilima kirefu. Jumamosi tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, kilima kile kiliporomoka, kikafunika nyumba na watu waliokuwa chini yake. Waliokufa walikuwa zaidi ya 30. Tulipiga simu ya mdogo wetu asubuhi, mchana na usiku, haikuita. Mama hakula. Siku ya sita ikaja simu kwa namba tusiyoijua, nayo ilikuwa sauti yake. Yu mzima. Mama akatuambia, “Mwanangu, nenda ukamlete. Hata kama atalima mihogo tu, alime hapa nikimwona.”

Tukafunga safari mwezi wa Septemba. Tuseme kweli, maana kuandika uongo ni kazi bure: hofu ya kumpoteza mdogo wetu ilikuwa moja, na aibu ilikuwa ya pili. Tulitaka kumtoa kwenye hatari, lakini tulitaka pia kumtoa kwenye takataka, kabla majirani wote hawajajua.

Tulipita Beni, tukashika barabara ya Kasindi, ambayo miaka hii imemwaga damu ya watu wengi. Tukavuka mpaka, tukapanda gari la abiria huko Mpondwe, tukapita Kasese, tukasafiri usiku kucha. Asubuhi tulikuwa Kampala, mifupa ikituuma, na mkononi tuna kifurushi cha Mama: samaki wakavu wa Vitshumbi, waliofungwa vizuri katika majani na karatasi. Mdogo wetu alikuwa ametuelekeza tumngoje saa sita katika bustani ndogo kando ya barabara iitwayo Kampala Road. Tukafika mapema, tukaketi chini ya mti, tukaweka kifurushi kando yetu, tukafumba macho kidogo.

Tulipoyafumbua, mtu mmoja alikuwa amesimama mbele yetu, hatua nne tu. Ndivyo tulivyodhani: mzee mwembamba mwenye koti jeusi, mabega juu, kichwa chini, ametulia kama anayengoja kuitwa na hakimu. Kumbe si mtu! Alikuwa ndege, na kichwa chake kilitupita kwa juu tulivyokuwa tumeketi. Shingo yake ilikuwa tupu, nyekundunyekundu kama kidonda kinachopona, na juu ya kichwa vinywele vichache kama vya mzee mgonjwa. Mdomo wake ulikuwa mrefu na mnene kama mpini wa jembe. Chini ya shingo ulining'inia mfuko wa ngozi. Miguu yake ilikuwa mirefu, imepakwa kitu cheupe kama chokaa. Naye hakutuangalia sisi. Aliangalia samaki wa Mama.

Tukapiga makofi. Hakuondoka. Tukasema “Shii!” kama kwa kuku. Akapiga hatua moja mbele. Tukainua mwavuli wetu. Naye akafungua mabawa, na hapo tuliogopa kweli, kwa maana kutoka ncha hata ncha yalizidi urefu wa mtu, yakatufunika kwa kivuli. Kisha akarusha mdomo, akashika kona ya kifurushi, akavuta. Sisi tukavuta upande wetu. Karatasi ikapasuka, samaki mmoja akaanguka majanini, na ndege akammeza mara moja, mzima, kichwa kwanza. Mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga alicheka hata akashika mbavu. Basi tukainama, tukaokota jiwe.

“Mwalimu, liache hilo jiwe,” akasema mtu nyuma yetu. “Huyo ni mfanyakazi mwenzangu.”

Aliyesema alikuwa mzee mwenye ufagio, mtunza bustani. Kiswahili chake kilikuwa cha kijeshi, kifupi na chenye nguvu, maana alitumika jeshini zamani, na huko ndiko alikojifunza. Jinsi alivyotambua kwamba tu walimu hatujui. Labda ni ile kalamu mfukoni. Tuliona haya, tukaliangusha jiwe. Tukamwuliza, kwa hasira bado, mnyama gani huyu asiyeogopa watu.

“Sisi tunamwita kaloli,” akajibu. “Wazungu wanamwita marabu. Umemwona mmoja tu. Tazama juu.”

Tukatazama juu. Kumbe mti uliotupa kivuli ulikuwa kijiji kizima! Matawi yote yalibeba viota vya vijiti, na juu ya kila kiota alisimama kaloli, kimya. Hawaimbi, akatueleza mzee; sauti yao ni ndogo sana, na wakitaka kusemezana hugongagonga midomo tu. Jike hutaga mayai mawili au matatu, na dume na jike huyalalia kwa zamu muda wa mwezi mmoja. Kisha makinda hukaa kiotani miezi kama minne kabla ya kuruka, na wazazi wote wawili huwaletea chakula. Kaloli mkubwa husimama kimo cha mita 1.5, na akichoka kutembea hupanda hewani bila kupiga mabawa sana, hewa ya joto ikimbeba mpaka aonekane mdogo kama mwewe.

“Na upara ule?” tukauliza.

“Angekuwa na manyoya kichwani, angefanyaje kazi yake? Anaingiza kichwa ndani ya mzoga. Manyoya yangeganda damu.”

“Na ule mfuko? Anaweka akiba ya chakula?”

“Watu wote wanadhani hivyo. Si kweli. Mna hewa tu.”

“Na miguu, kwa nini meupe?”

Mzee akacheka. “Miguu yake ni myeusi. Ule weupe ni kinyesi chake mwenyewe. Jua likiwaka anajimwagia miguuni, kikikauka kinampoza joto. Wewe una mwavuli, yeye ana hicho.”

Kisha akaegemea ufagio wake, akasimulia kwamba ndege hawa walizidi mjini katika miaka ya 1970, wakati wa shida, takataka zilipolala njiani bila mtu wa kuziondoa. “Hawakutuletea uchafu,” akasema. “Walikuja kuukuta. Matumbo ya ng'ombe kutoka machinjioni, panya waliokufa, vichwa vya samaki, vyote wanakula. Mimi nafagia majani na karatasi. Kinachonuka ni kazi yake. Asingekuwapo, ningefagia mimi.” Akaenda zake, akifagia polepole, na kaloli akamfuata nyuma kama mbwa anavyomfuata mwindaji.

Tukabaki tumeketi, tukimngoja mdogo wetu na kufikiri. Tulikumbuka jina lile marabu. Seminarini padri mmoja alitufundisha kwamba Wafaransa walilitoa kwa Waarabu, nalo lilikuwa jina la watu watawa wa Kiislamu wanaokaa peke yao kwa sala. Waliomwona ndege huyu amesimama kimya, kichwa chini, walimfananisha na mtawa. Tulikumbuka pia kwamba mabibi wa Ulaya walipenda sana kupamba nguo na kofia zao kwa manyoya laini meupe yaliyo chini ya mkia wake. Manyoya waliyataka, ndege mwenyewe hawakumtaka. Na tulikumbuka somo la Kitabu cha Walawi, sura ya 11, ambapo korongo, ambaye ni ndugu wa marabu, ameandikwa kati ya ndege walio najisi. Lakini jina lake kwa Kiebrania, hasida, latoka katika neno la wema na uaminifu. Siku zile tuliliandika hilo katika daftari kwa ajili ya mtihani, tukapata alama nzuri, tukalisahau.

Tulipokuwa tukiwaza hivyo, kijana mmoja akaingia bustanini. Alikuwa amekonda, amevaa buti za mpira zisizofanana, na suruali yake ilikuwa na madoa hata magotini. Tulidhani ni mwombaji. Alipokaribia tukasikia harufu, nasi tukasogeza kifurushi. Ndipo akasema, “Yaya.”

Wasomaji wapenzi, hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito. Mdogo wetu alitunyoshea kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu ambaye kiganja chake si safi. Na sisi, kabla ya kumshika, tulitazama kulia na kushoto tuone nani anatuangalia. Ilikuwa nukta moja tu. Lakini yeye aliona, akaurudisha mkono wake, akaketi mbali kidogo. Tulikuwa tumesafiri usiku kucha, tumepita barabara ya hatari, kwa ajili ya kumwona akiwa hai. Na tulipomwona, tulimwogopa kama jirani anavyoogopa matope.

Hakutulaumu. Aliuliza habari za Mama, za shamba, za shangazi aliyekuwa mgonjwa. Kisha akauliza, “Na minervali ya mtoto, ilifika salama?”

Ilikuwa imefika. Ilifika mwanzoni mwa Septemba, shule zilipofunguliwa, wiki chache tu baada ya Kiteezi. Sisi tulikuwa tumeipokea, tukamlipia mtoto, tukashukuru, na hata mara moja hatukujiuliza imetoka wapi kwa mtu aliyepoteza kila kitu. Kwa maana alikuwa amepoteza kila kitu. Alitusimulia hapo, kwa sauti ya chini. Alipanga chumba karibu na kilima kile. Ijumaa jioni alishikwa na homa, akaenda kulala kwa rafiki upande wa Makindye ili apate wa kumpikia uji, na simu yake akaiacha chumbani. Asubuhi chumba hakikuwapo. Mwanamke aliyekuwa akimwuzia chai kila alfajiri hakuonekana tena. Siku tatu mdogo wetu alisimama pamoja na wengine kando ya mashine zilizokuwa zikichimba, akiangalia kama watamtoa. Siku ya sita ndipo alipopata simu ya kuazima.

“Na sasa unafanya nini?” tukamwuliza.

“Chupa zile zile. Sasa naokota mjini, katika mitaro na sokoni. Nauza kwa kilo.” Akamwonyesha kidole kaloli, aliyekuwa amerudi na kusimama hatua kumi, akiangalia samaki. “Pale Kiteezi tulikuwa nao mamia. Tunapofika alfajiri, wao wamekwisha fika. Wao wanachukua kinachooza, sisi tunachukua kisichooza. Hatugombani. Watoto wa mtaa wanatuita sisi nasi kaloli. Mwanzoni niliumia, Yaya. Siku hizi naitika.”

Tukatazama mikono yake. Ilikuwa na makovu ya chupa na mabati, mengine mapya. Tukahesabu moyoni: minervali ya muhula mmoja ni chupa ngapi? Tulishindwa kuhesabu. Kila mara mtoto wetu alipoandika somo lake kwa mwandiko mzuri, na sisi tukajisifu mbele ya wageni, chupa zile zilikuwa chini ya karatasi yake, na hatukuziona. Tulikuwa tumemdharau ndege anayekula takataka, kumbe sisi wenyewe tulikula kutoka kilima kile kile, ila sisi tulikula kwa mbali na kwa mikono safi. Wazee wetu walisema: kazi mbaya si mchezo mwema. Methali hiyo tumeifundisha watoto mara nyingi, tukidhani tunaijua.

Basi tukaondoka pale tulipoketi, tukaenda kuketi karibu naye, bega kwa bega, tukaushika mkono wake ule tuliouogopa. Tukamwomba radhi kwa yale macho yaliyotazama kulia na kushoto. Akacheka kidogo, akasema, “Yaya, hata mimi nilipoanza nilikuwa nikitazama hivyo hivyo.”

Tukafungua kifurushi cha Mama. Mzee mwenye ufagio akaitwa, na mama wa karanga pia, tukala pamoja samaki wa Vitshumbi. Mdogo wetu akamtupia kaloli vichwa viwili, akasema, “Huyu amewatambua samaki. Kule Vitshumbi ndugu zake wanatembea katikati ya wavuvi kama kuku wa nyumbani.” Ndege akavidaka hewani, tok, tok, akarudi katika utulivu wake wa mtawa.

Hakukubali kurudi nasi. Tulimweleza maneno ya Mama, tukamweleza juu ya shamba. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba shamba la mihogo halitalipa minervali, tena upande wa shamba letu watu wanaogopa kwenda kulima. Akataka kwanza apate chumba kingine, mbali na kilima chochote. Hilo alituahidi, nasi tulimwachia nusu ya nauli yetu na ule mwavuli. Akasema mwambie Mama nitakuja Noeli.

Tulirudi peke yetu. Mama alilia kidogo, kisha akataka kusikia habari yote, nasi hatukumficha neno, hata lile la mkono. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, jirani mmoja alituuliza kama kawaida, “Mdogo wenu wa kampuni hajambo?” Watu kama sita walikuwa wamesimama pale. Tukajibu kwamba hajambo, wala hana kampuni. Anaokota chupa za plastiki katika mitaro ya Kampala, na ndizo zinazomsomesha mtoto wetu. Jirani alikosa la kusema. Kisha mzee mmoja aliyekuwa nyuma yake akasema taratibu kwamba naye ana binti huko Kampala, anayefua nguo za watu, na hajapata kumwambia mtu.

Mdogo wetu alikuja Noeli, akakaa siku nane, akarudi kazini. Tulipomsindikiza kituoni, mtoto wetu alimbebea mfuko. Mwezi ule ule alikuwa ameagizwa shuleni kuchora ndege anayempenda. Wenzake walichora njiwa na tausi. Yeye alichora ndege mkubwa mwenye upara, amesimama chini ya mti, na kando yake mtu mwenye gunia. Mwalimu wake alituuliza maana yake ni nini. Tukamwambia, amechora baba yake mdogo akiwa kazini.